Mkwe Aliyejenga Tangi

Mikidadi alikuwa mtu wa maji machafu, wala hakuona haya kulisema. Miaka ile Wazungu walipofika Nachingwea na matingatinga yao kung'oa misitu ili wapande karanga, vijana wenzake waligombania usukani wa trekta. Yeye akapangiwa mabwawa. Maji ya kambi yalivutwa kwa pampu, yakaogesha watu, yakafua mashuka, yakasukuma mambo ya chooni, kisha yote yakamshukia Mikidadi. Kazi yake ilikuwa kuyatuliza tangini, kuyapitisha taratibu juu ya kitanda cha mawe, na kuyaachia bwawani yakiwa yamepungua harufu, ili yakamwagilie bustani ya miche.

"Wewe peke yako ndiye unayejua siri za wakubwa wote hapa," Linus, mwenzake wa zamu, alizoea kumtania. Walicheka, wakaendelea kuzibua.

Lakini kila bomba la bafuni lilipofunguliwa kule juu na maji yakaja kwa kishindo, Mikidadi alimkumbuka mkewe. Maji aliyomwaga mtu mmoja akijisugua mgongo, Sikuzani aliyahangaikia asubuhi nzima. Kule kwao Mbekenyera, kiangazi kikikaza, wanawake walishuka bondeni, wakafukua mchanga, wakakaa kungoja maji yajichuje, wakayachota kata kwa kata mpaka mtungi ujae. Wakirudi jua liko utosini. Kwa kuwa maji yale hayakuuzwa sokoni, wanaume waliyaita ya bure. Mikidadi naye aliwahi kuyaita hivyo, kabla hajafanya kazi mahali ambapo pampu ikizimika mabwana huanza kupiga hesabu ya mafuta na kufoka. Hapo ndipo alipong'amua kwamba maji ya Mbekenyera yana gharama yake, na anayeilipa ni Sikuzani kwa shingo yake.

Alimtamani mkewe mpaka akajionea huruma. Alitamani sauti yake akiita kuku, alitamani hata ule ugomvi wake wa asubuhi. Kwa desturi ya Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na Mikidadi alikuwa amehamia kama watu wote: akajenga uani kwa Bi Mwanne, mama mkwe wake, akalima shamba lake la mtama. Nachingwea alikwenda kutafuta mshahara wa msimu mmoja tu. Sikuzani alibaki na mimba, akamzaa Zaitun baba mtu hayupo. Msimu ukazaa msimu. Kisha akapewa chumba kwenye majengo ya wafanyakazi wenye familia, na nje ya chumba lilikuwapo bomba. Bomba lile lilimtia wazimu. Kila alipokinga debe lake alimwona Sikuzani amesimama pale, amefungua kwa vidole viwili, maji yanamwagika mpaka miguuni naye anacheka.

Basi akaamua kumleta. Lakini mkwe hamsemeshi mama mkwe uso kwa uso. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeingia porini. Maneno yalipitia kwa Mzee Abdulatifu, mjomba wa Sikuzani, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya ukoo. Mikidadi alipopata likizo alikwenda kwake, akapiga magoti, akajieleza. Mzee alikwenda kwa dada yake, akala, akarudi na jibu.

"Bi Mwanne anasema macho yake yameingia ukungu. Binti akiondoka, nani atamtekea? Siku mtungi wake utakapojaa bila Sikuzani kwenda bondeni, mchukue."

Mwingine angenuna. Mikidadi alifurahi, kwa sababu aliombwa kitu anachokijua. Kila likizo alirudi Mbekenyera na mzigo: mabati chakavu aliyoyanunua mnadani kambini, saruji, koleo. Alichimba shimo kubwa kuliko kaburi la watu wawili, akalipiga saruji, akaezeka kibanda kwa mabati ili mvua itiririkie humo. Karibu na jiko akatengeneza kitanda cha mawe, kokoto na mchanga, mfano wa kile cha kazini, ili maji ya kuoshea vyombo yapite humo, yatoke yakiwa meupe kidogo, yamwagilie mchicha. Majirani walikuja kuangua kicheko. Bi Mwanne naye alituma salamu kwa mjomba: nyumbani kwake maji yale yale yaliosha mtama, yakaosha sufuria, yakanywesha kuku, tangu mkwe hajazaliwa. Mikidadi akajibu kwa njia ile ile kwamba ni kweli, na yeye anawapunguzia kuinama tu.

Siku za likizo ziliishia shimoni. Jioni alikuwa hoi, akila na kusinzia. Sikuzani alimmwagia maji ya kunawa, akamtazama, akanyamaza. Mwanamume akautafsiri ule ukimya kuwa ni uvumilivu, akaongeza bidii.

Mvua zikanyesha, tangi likajaa. Kiangazi kilichofuata, wanawake wengine walishuka bondeni, naye Bi Mwanne alipapasa hatua chache kutoka mlangoni, akachota mwenyewe. Mzee Abdulatifu akatuma habari Nachingwea: neno ni neno, njoo umchukue mkeo.

Habari ilimkuta Mikidadi akifungasha. Karanga zilikuwa zimewashinda wenyewe. Kambi ilipunguza watu, pampu moja ilikuwa imezimwa. Yeye alipata bahati ya kuandikwa kazi ya maji Mtwara, na lori lingepita Mbekenyera asubuhi kumchukua pamoja na familia yake. Alitembea kwenda kwa mkewe karibu akikimbia. Zaitun alipomwona alijificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Walipokwisha kula, jua likiwa bado halijazama, alimwambia Sikuzani, "Mjomba ameruhusu. Funga vyombo, mama Zaitun. Kesho tunakwenda Mtwara."

Sikuzani aliendelea kuchambua mchicha. "Nani alikwambia nataka kwenda?"

"Si ulikuwa unateseka na maji? Nimeyamaliza mateso. Mama yako hana tena sababu ya kukuzuia."

"Mama hakunizuia hata siku moja. Alikuwa anakuzuia wewe, usinitoe kwetu." Aliuweka mchicha chini. "Shingo iliniuma, sikatai. Tangi umejenga, Mungu akulipe. Lakini mimi, baba Zaitun, sikungoja uje unichukue. Nilingoja urudi."

Mikidadi alimgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulimtuma mjomba kwa mama, mama akamtuma mjomba kwako. Mimi nilikuwa namtengea mjomba chakula."

Mikidadi alikumbuka likizo zote alizozimaliza shimoni, akimpigania mwanamke aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka hapo na sahani ya ugali unaopoa, akitaka tu aoge, akae, wazungumze. Mlango alioutafutia ufunguo miaka yote ile haukuwa umefungwa.

Asubuhi lori lilipiga honi barabarani, likangoja, likapiga tena. Sikuzani alisimama jikoni, mkono juu ya kinu. Mikidadi hakuinuka kizingitini. Lori likaondoka na kazi yake ya Mtwara, na mlio ulipopotea kabisa alifunika uso kwa viganja akalia, kwa ajili ya siku zile ambazo hakuna pampu ya kuzirudisha.

Zaitun alimchungulia kutoka nyuma ya mama yake, akaivuta kanga yake.

"Mama," alinong'ona, "yule mgeni analia nini?"