Teke la Chengo

"Teke hilo si lako," Mejumaa alimwambia mumewe. Chengo, aliyekuwa ameuziba mlango mzima wa nyumba yangu kwa kiti chake cha magurudumu, akamuuliza kama si lake basi ni la nani, la jirani?

Hawa wawili wanapanga chumba changu cha chini hapa Kibokoni. Chengo ni mpaka rangi. Mwaka jana alianguka kutoka jukwaani huko Bondeni, ugwe wa mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo miguu imemsusa. Mlango wangu una vidato vya mawe, kwa hivyo akitaka kutoka hubebwa kama bibi harusi na vijana wa barazani. Aibu ikamzidi, akawa hatoki tena. Nikamwita fundi Ngowa aje avunje vidato, ajenge mteremko wa saruji. Chengo akakataa. Mteremko, alisema, ni wa mtu asiyetarajia kutembea.

Halafu asubuhi ile mguu wake wa kulia ukapiga teke. Nilikuwepo. Dele la kahawa lilipaa, likapita juu ya msikiti, likatua Makupa kwenye lori la vitunguu, na dereva akaendelea na safari yake akinywa. Mejumaa anasema lilianguka papo hapo mkekani, lakini Mejumaa macho yake si mazuri.

Basi bwana akajiona amepona, akakaa mlangoni kumzuia Ngowa. Joy, binti anayekuja kumnyoosha viungo, alipopenya ubavuni mwa kiti, akamwomba apige tena. Chengo akakaza uso, akakaza shingo, akakaza hata masikio. Mguu kimya. Mejumaa akautupia shuka, ukaruka.

Hapo Joy akatueleza, na mimi nilielewa kuliko wote. Kila seli ya neva ina kitabu kizima cha jeni, ila hufungua kurasa inazozihitaji tu. Zile za chini ya jeraha zilizoea kuletewa habari kutoka kwenye ubongo. Njia ilipokatika zikangoja weee, habari haikuja. Zikafunga kurasa hizi, zikafungua zile, zikajifunza kuwaka zenyewe bila kuamriwa. Sasa ukizigusa kidogo tu, teke.

Nikamwambia Chengo hayo ni ya mke aliyesafiriwa na mumewe. Mwanzo hungoja aambiwe apike nini. Miezi ikipita hupika apendalo, na abishaye hodi hurushiwa mwiko.

Mejumaa alicheka mpaka akakaa chini. Chengo hakucheka. Alimuuliza Joy, kwa sauti ndogo, kama basi hatatembea.

"Sijasema hivyo, kaka," Joy alimjibu. "Mazoezi tunaendelea nayo, na yatakayokuja siyajui. Nasema teke hili si ushahidi. Ukiungoja ushahidi humo ndani, jua la nje utalisahau."

Chengo akautazama mguu wake. "Unafanya mambo bila kuniuliza."

"Na wewe kutuzibia mlango ulimuuliza nani?" nikamwambia.

Akafungua kinywa anijibu, nami nilishamwekea jingine tayari, lakini Ngowa akatokea kidatoni na sururu begani. Akatoa salamu, tukaitikia. Chengo akashika magurudumu yake, akajirudisha nyuma taratibu, akampisha.