Wabarugu Nao Hubembeleza Watoto

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa msimu wa pamba ambao nikiukumbuka bado nainamisha macho. Juzi ulipotusomea pale Somanda sura ya kwanza ya riwaya yako, yenye mataifa matatu na lugha ulizozitunga mwenyewe, nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Lakini moyoni nilikuwa nimerudi Shishiyu kwa wazazi wangu, msichana anayetunga dunia nyingine kabla hajaijua hii.

Riwaya yangu ilikuwa na mataifa mawili. Waleli walikuwa warefu na wapole, lugha yao laini kama maziwa. Wabarugu walikuwa wakatili tangu tumboni. Lugha yao sikuitungia neno la asante wala la pole. Niliwapa amri na matusi tu, nikajiona fundi.

Mchana huo tulikuwa uani tukichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule: bibi, mimi, na wifi yangu Rehema, mke wa kaka, Mgogo wa Dodoma. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kila nilichoandika. Tulitaniana bila huruma. "Nyie Wasukuma ugali mnapika kama mnajenga ukuta," aliniambia siku hiyo. Nikamjibu, "Na nyie mgeni akija mnamwimbia ili asahau kula."

Basi nikasoma sura ya vita. Nikaigiza sauti ya jemadari wa Wabarugu akiamuru kijiji kichomwe. Rehema hakucheka wala hakuinua macho.

"Ng'wanawane," bibi akaniita, ndiyo "mwanangu" kwa Kisukuma chetu, "hawa Wabarugu wanazaa?"

"Wanazaa, bibi."

"Mtoto akilia, wanambembelezaje?"

"Hawabembelezi. Ni waovu."

"Wote?"

"Wote."

Akachukua tumba moja la pamba, akalifungua: nyuzi nyeupe, na pembeni doa la wadudu. "Nimechambua pamba tangu mama yako hajaolewa. Sijaona shamba lililozaa fifi tupu. Wewe umeliona wapi?"

Wakati huohuo mtoto wa Rehema aliamka akilia. Rehema akamweka mgongoni, akaanza kumwimbia polepole kwa Kigogo. Mdundo ule wa maneno ndio niliompa jemadari! Nilikuwa nausikia kila siku jikoni, nikauchukua bila kufikiri, kwa sababu masikioni mwangu ulikuwa mgeni, na cha kigeni nikaona kinafaa kuwa kibaya.

"Wifi," akasema bila kunitazama, "kumbe ndivyo ninavyosikika humo kitabuni mwako?"

Alikuwa mbali na mama yake, na pale nyumbani rafiki yake nilikuwa mimi. Nilijua nikijitetea nitampoteza. "Nisamehe," nikasema. "Nitaifuta sura yote."

Akaendelea kumwimbia mtoto mpaka akasinzia. "Usifute. Vita waache wapigane. Ila sauti yangu nirudishie. Hao watu wako watungie lugha yao, na uanzie kwa mtoto wao. Halafu faini ni kuku, mtani. Jogoo, usiniletee kifaranga."

Bibi alicheka hadi pamba ikamwagika mapajani.

Tukaanza palepale, mikono ikiendelea na kazi. Tukawapa Wabarugu neno la kumwita mtoto anayeogopa radi, na salamu ya mkwe aliyechelewa. Jemadari akapata binti. Nilipofika tena kwenye amri ya kuchoma kijiji, sauti yake ilitetemeka, nami nikamwogopea. Siku hiyo ndipo kitabu kilipoanza kupumua.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, yale majitu ya mapangoni katika riwaya yako usiyaongezee pembe kwanza. Kayasikilize yakinyamazisha watoto, yakiwatania mashemeji, yakizika. Neno la kwanza la lugha unayoitunga lisiwe amri. Na sauti utakayoiazima, jiulize ni ya nani, na kama mwenyewe angeweza kuketi mbele yako ukisoma, asiinamishe kichwa.

Mungu akupe masikio kabla ya kalamu, na msomaji atakayekurudi kwa upendo. Nami nakuaga kwa neno la Wabarugu, alilolitunga Rehema kwa ajili ya binti wa jemadari: *humaneli*. Maana yake, lala, mimi niko macho kwa ajili yako.