Mtu wa Nyuso Nyingi wa Mkonze

Usiniambie ni jua la Dodoma lililonipanda kichwani. Nilikuwa nimekula, nimekunywa maji, akili zangu timamu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Mkonze, alasiri kweupe.

Mimi ni mchoraji. Kigango chetu kilinipa ukuta wa ukumbi niuchore mavuno ya zabibu. Mara mbili nilichora, mara mbili nikapaka chokaa juu yake, kwa sababu wavunaji wangu wote walifanana kama watoto wa tumbo moja. Katibu wa kigango akaniambia kwa upole kwamba ikifika Jumapili ukuta bado mweupe, kazi atapewa mwingine.

Hapo ndipo nilipoacha kuchorachora kwenye vipande vya karatasi na kuvipoteza. Nikanunua madaftari matatu ya kuchorea: moja la mawazo yanavyokuja, hata yawe ovyo, la pili la nyuso, la tatu la kupanga ukuta mzima, nani akae wapi. Nikajiwekea sharti kwamba kila uso utapata ukurasa wake.

Basi nikaenda kwenye shamba la zabibu la shemeji yangu. Mavuno yalikwisha, hakukuwa na mtu. Nikiwa nachora mzabibu, nikainua macho: mzee ameketi mbele yangu juu ya kreti. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alisema tu, "Nichore."

Nikafungua daftari la nyuso. Nilipomaliza shavu nikamtazama tena, na shavu si lile. Nikadhani nimekosea, nikachukua raba nikafuta. Niamini, shavu langu likafa ganzi, kama nimechomwa sindano ya kung'olewa jino. Nikafuta na jicho. Jicho langu la kushoto likaingia ukungu.

"Futa tena," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mwanamke. Uso pia.

Ungefanyaje wewe? Miguu ilitaka kukimbia. Lakini niliufikiria ule ukuta, hasira ikaishinda hofu. Nikaitupa raba mchangani, nikafungua ukurasa mpya, nikamchora yule mwanamke. Akageuka msichana, akaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikafungua ukurasa. Akageuka kijana mwenye kovu, kisha ajuza asiye na meno, kisha mama mjamzito. Kila alipogeuka, nami nilifungua. Mkono ukawa mwepesi, sijawahi kuchora vile. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza kuhema. Uso ukatetemeka, ukataka kuwa mwingine, ukashindwa, akabaki yule mzee wa kwanza.

"Sina mwingine," akasema.

"Basi tulia nikumalize," nikamwambia.

Akatulia. Nilipotia mstari wa mwisho, kreti ilikuwa tupu na jicho langu linaona vizuri.

Zile nyuso nikazipanga kwenye daftari la tatu, nikapanda ngazi, na kabla ya Jumapili ukuta ulijaa wavunaji, hakuna wawili waliofanana. Siku ya ibada watu hawakutaka kutoka ukumbini. Mama mmoja alimgusa yule ajuza shavuni, akasema ni bibi yake, aliyezikwa Mtera zamani. Mwingine akamtambua marehemu kaka yake kwa lile kovu. Hadi leo wanakuja, wanawataja kwa majina nisiyoyajua, na mimi naitwa kuchora kuta mpaka Chimwaga. Shavu tu ndilo halijapona. Chai ya moto upande huo siisikii.

Wewe unayechora, sikia. Akikutokea mtu mahali pasipo watu akataka umchore, usikimbie, na usifute kitu. Mchore mpaka achoke yeye.