Pindo la Gauni la Binti

Saa tatu asubuhi. Mwanga unaingia polepole chumbani, na vumbi la nyuzi linaelea juu ya cherehani kana kwamba halina haraka ya kufika popote. Fundi, mama wa miaka hamsini na miwili, amefika mwisho wa pindo la gauni jeupe. Anaondoa mguu kwenye pedali. Anasubiri.

"Umemaliza, dada?" anauliza mdogo wake, anayeshona kwenye meza ya pili.

"Mkono unaniambia nifumue."

"Uambie mkono bibi harusi anaolewa Jumamosi!"

Wanacheka, ila si mzaha mtupu. Bibi harusi ni binti yake wa pekee, na kwa miaka kumi na mmoja fundi huyu hajaacha mshono bila kuufumua. Wazo humjia: mshono umepinda, mtu atapata balaa kwa sababu yako. Kila mara hujua si kweli. Hata hivyo hufumua.

Zamani alimaliza magauni manne kwa wiki. Mwaka juzi alifumua sketi moja ya shule mara thelathini na saba, mpaka kitambaa kikamchanikia mikononi. Akajifungia chumbani wiki tatu.

"Walisema nimerogwa. Wengine, eti najidekeza. Mimi nilitaka tu nilale nisiamke," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, bila kuficha.

Hospitalini aliambiwa ana ugonjwa wa mawazo yanayojirudia, na juu yake sonona. Dawa tatu zilishindwa. Kisha akaombwa kujiunga na majaribio ya dawa mpya, inayoongezwa juu ya ile ya zamani, pamoja na mazoezi ya kuuacha mshono ulivyo na kuivumilia hofu.

"Daktari hakunipambia maneno: wengine inawasaidia, wengine wapi! Nikamwambia, mfa maji haachi kutapatapa."

Huu ni mwezi wa tano. Mawazo hayajaondoka. "Bado yanapiga kelele, ila sasa ni kama redio ya jirani. Zamani redio ilikuwa humu humu kichwani."

Anafunga uzi bila kufumua, anaukata. Jasho linamtoka. Mdogo wake anakuja kumshika bega.

Binti anaingia, anavaa, anajizungusha mbele ya kioo.

"Mama, hapa nyuma pamepinda kido..." Anajiziba mdomo.

Fundi anainama, anatazama. Kweli, pamepinda.

"Nimeona," anasema. Mikono imetulia mapajani. "Litavaliwa hivyo hivyo, mwanangu."

Mwandishi anapomuuliza ana mipango gani, anafikiri kwanza.

"Jumamosi nataka nimtazame mtoto wangu usoni. Siku nzima, usoni tu."