Shibiri Moja ya Bafta

Sijapata kumwachia mtu wa dukani chenji yangu. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi ana mkono wa birika. Waseme. Mpishi wa arusi namtunza, namtia kitu mkononi, mkunga namtunza, mwimbaji akinigusa moyo nainuka kwenye kiti changu nikamtunze. Lakini mtu aliyenipimia sukari nikamlipa bei ya sukari, huyo tumeshamalizana.

Aliyenifunza ni marehemu baba. Miaka mingi alifanya kazi katika duka la nguo la Muhindi mmoja pale Darajani, na akishikilia kwamba dukani kitu cha bure kinatoka upande mmoja tu, upande wa muuzaji. Ukinunua mchele, kibaba kikishajaa unatiliwa kiganja juu yake. Ukinunua nguo, mkasi unapita alama kidogo. Hiyo ndiyo nyongeza, na mteja asiyepewa nyongeza huhama duka. "Mtu keshakuletea riziki yako mpaka mlangoni," baba akisema, "tena umtake na bakshishi? Huna haya?"

Kisha mambo yakageuka. Yakaja Mapinduzi, serikali ikawa ndiyo mwenye duka, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nami nikapata kazi katika duka moja la serikali karibu na soko, upande wa nguo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Nikipima mimi, nikikata mimi, nikipokea pesa mimi.

Vitu vilikuwa haba siku zile. Gunia la sukari likija, habari zake hufika Bububu kabla gunia lenyewe halijateremshwa garini. Basi watu wakaingia tabia mpya. Unamrudishia mtu senti zake, anazisukuma tena kwako juu ya meza: "Weka weye, mwanangu." Ana maana, likija jora jengine unikumbuke. Sasa mnunuzi ndiye anayemtilia muuzaji nyongeza! Baba nilipomhadithia alicheka mpaka akakohoa, kisha akakasirika.

Msichana aliyekuwa mahali pangu kabla yangu alizipokea senti hizo. Hakuwa mwizi, masikini, alikuwa hajui kusema hapana. Siku moja msimamizi wa duka akamkuta nazo kazifunga kwenye leso, na kesho yake hakuja tena kazini. Mimi nilipoajiriwa, msimamizi aliniambia neno moja tu. "Ukipokea hata senti tano ya mtu, njia ile." Akanionesha mlango.

Nyumbani mama alikuwa keshafariki, na baba macho yameingia mtoto wa jicho, hafanyi kazi tena. Mshahara wangu ndio uliotia chungu jikoni. Kwa hiyo niliapa. Na mimi nikiapa naapa kweli. Ulimi wangu mkali tangu utotoni, na mkono wangu nao nikaufanya mkali. Sipokei, sitoi. Yadi yangu ilikuwa yadi, haizidi uzi, haipungui uzi, na nikijiona mimi ndiye mimi.

Siku ninayoitaka kuieleza ilikuwa siku yangu ya tatu kazini baada ya fungate, yaani zile siku saba za kukaa ndani na bwana arusi. Jora la bafta lilikuwa limefunguliwa asubuhi ile, nguo nyeupe iliyokuwa adimu kuliko dhahabu, na foleni imetoka nje. Msimamizi kasimama nyuma yangu kuangalia usalama.

Akaja bibi mmoja mwembamba, kanga yake imechujuka lakini safi, na kikapu cha ukili mkononi. Watu walimpisha mbele kwa sababu alisema analiwahi basi la Mkokotoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nikatie bafta."

Akataja yadi zake, nikapima, nikatia alama. Kabla sijashika mkasi akainama juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo, "Nizidishie shibiri, mwanangu. Shibiri moja tu."

"Bi mkubwa, duka hili halina nyongeza. Ukitaka zaidi nunua yadi nzima."

"Yadi nzima pesa yangu haifiki."

"Basi hatuuzi shibiri hapa, tunauza yadi. Kwani ya nini hiyo shibiri?"

Akanitazama, akakivuta kikapu chake karibu. Nikatia mkasi palepale kwenye alama.

Alilipa. Nikamrudishia chenji yake, akafunga nauli ya basi kwenye pindo la kanga, ikabaki shilingi moja juu ya meza. Akaitazama mikono yangu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu. Akaisukuma ile shilingi mpaka kwangu.

"Na hii yako," akasema.

Toba! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kwanza kataka nyongeza nimemnyima, sasa ananitilia shilingi, tena mbele ya msimamizi, nami sijamaliza hata wiki tangu nitoke fungate! Nilimwona yule msichana wa leso, nikamwona baba anapapasa chungu kitupu.

"Chukua shilingi yako!" nikasema, na sauti yangu mimi haihitaji kipaza. "Nshakwambia hakuna nyongeza. Unataka kuninunua kwa shilingi moja? Wenzio wote wamepanga foleni juani, weye waleta rushwa? Huoni haya, na umri huo?"

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwengine akacheka. Yule bibi hakubishana. Aliiokota shilingi kwa vidole viwili, akakunja bafta yake taratibu, akaitia kikapuni.

"Haya, mwanangu. Nisamehe," akasema, akatoka.

"Hivyo ndivyo!" msimamizi akasema, kusudi foleni yote isikie. "Hivyo ndivyo anavyotakiwa mfanyakazi." Nami nikavimba kichwa.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mama mmoja jirani yetu, mwenye mdomo kama wangu. Hakutaja yadi. Aliweka viganja vyake viwili juu ya meza, akanikazia macho.

"Hebu tazama mikono yako," akanambia.

Nikatazama. Hina ilikuwa bado imekoza, nyekundu mpaka kwenye vifundo, na juu yake maua meusi ya piko.

"Yule bibi alikuwa anakutunza," akasema. "Biarusi weye, nani kakuletea rushwa?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu mzima akimwona biarusi kwa mara ya kwanza, humtia kitu mkononi, hata kama hamjui, hata kama alicho nacho ni kidogo. Ile ni dua, siyo pesa. Na biarusi hupokea kwa mikono miwili, kainamisha kichwa. Mimi niliirudisha dua ya mtu mzima usoni mwake, na juu yake nikamtukana. Nilitoka mbio mpaka mlangoni, mkasi ningali nao mkononi. Simwoni. Msimamizi akaniita, watu wakaanza kulalama, nikarudi kupima.

Jioni nilimweleza baba yote. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya shilingi. Hakuitaja. Aliniuliza jambo jengine kabisa.

"Alitaka yadi ngapi?"

Nikamwambia.

"Na kikapuni alikuwa na nini?"

"Sikutazama, baba."

"Hukusikia harufu yoyote?"

Hapo ndipo iliponijia. Alipoinama juu ya meza kuniomba ile shibiri, kikapu kilinuka. Harufu kali, ya baridi, ambayo kila mtu aliyefiwa anaijua, nami niliijua tangu mauti ya mama.

"Karafuu maiti," nikasema.

Baba akashusha sauti. "Mwanangu, ulikuwa unakata sanda."

"Sasa kwa nini hakusema? Angesema mimi ningekataa?"

"Angesemaje? Mgonjwa wake labda yu hai bado, amelala kitandani anamngoja arudi. Asimame mbele ya foleni aseme anamnunulia sanda? Amchurie kifo?" Akatikisa kichwa. "Sisi dukani kwetu mtu akitaka bafta ya kipimo kile hatukuwa tukiuliza ya nini. Tulikuwa tukizidisha shibiri, tunafunga, tunampa. Yule Muhindi alikuwa bahili, angeweza kukamua maji kwenye jiwe, lakini sanda hajapata kuikata kwenye alama."

Sikula usiku ule. Mume wangu alinibembeleza, akasema hukujua. Kweli sikujua. Lakini nilikuwa na macho, na pua, na mikono yenye hina, na vyote vitatu sikuvitumia.

Mabaki ya jora lile, yadi moja kamili, niliyanunua mwenyewe kwa mshahara wangu. Jumapili ya pili yake nikapanda basi la Mkokotoni. Jina la yule bibi silijui, nyumba yake siijui. Nilisimama sokoni mbele ya mama anayeuza dagaa, nikamwambia namtafuta bibi fulani mwembamba, alikuja mjini kununua, nikasita, kununua nguo nyeupe.

Hakuniuliza mimi nani. "Nyumba ile yenye mti wa mkungu mbele," akasema. "Utamkuta. Amekaa eda."

Eda ni ya mjane, miezi minne na siku kumi haendi popote. Maana yake bafta niliyoikata imeshakwenda chini ya udongo.

Nilibisha hodi, nikaingia. Alikuwa peke yake chumbani juu ya mkeka, kavaa nyeupe tupu, anasuka ukili. Akainua macho, akanitambua papo hapo.

"Karibu, biarusi," akasema.

Nililia kabla sijakaa. Nilimshika miguu, nikamtaka radhi, nikamweleza habari ya msimamizi na ya yule msichana wa kabla yangu, maneno yote yanatoka ovyo. Akaniacha mpaka nikamaliza.

"Radhi unayo," akasema. "Nilikupa palepale mlangoni. Mtu haendi kuuguza na chuki moyoni."

Lilikuwepo swali moja nililolibeba tangu mjini, na nilikuwa nikiomba nisilazimike kuliuliza.

"Ilitosha?"

Akaendelea kusuka kidogo. "Alikuwa mtu mrefu, mume wangu. Ilipelea miguuni, shibiri moja. Nilikwishampima akiwa usingizini, nilijua itapelea." Akakata ukili kwa meno. "Ndugu zake wakapasua kanzu yake ya Idi, wakamalizia. Usilie, mwanangu. Kanzu ilikuwa yake, hatukuazima kwa mtu."

Nikatoa ile yadi, nikaiweka mapajani mwake. Akaikunjua, akaipima kwa kiganja chake kikavu, shibiri baada ya shibiri, mpaka mwisho.

"Umenizidishia," akasema, akacheka kweli. "Hii naiweka. Siku yangu mimi isije ikapelea."

Kisha akafungua pindo la kanga iliyokuwa imekunjwa pembeni ya mkeka, ile ile iliyochujuka. Shilingi ilikuwa humo.

"Lete mkono."

"Bibi, si lazima..."

"Lete mkono! Tunzo hairudi nyumbani kwa mtu. Nimekaa nayo hapa, naiona kama deni."

Hina ilikwishapauka, imebaki kwenye kucha. Nikakinga mikono miwili, nikainamisha kichwa kama nilivyotakiwa kufanya siku ile, naye akaitia.

Miezi michache baadaye wakaajiriwa wasichana wawili wapya dukani. Msimamizi akawasimamisha mbele ya meza, akawaonesha mlango kama alivyonionesha mimi. Halafu akaninyooshea kidole. "Mtazameni mwenzenu huyu. Bibi mmoja alimpa shilingi kwa ajili ya shibiri ya bafta. Aliirudisha mbele ya watu!"

Alikuwa keshaisimulia mara nyingi hadithi hiyo, na kila mara mimi nikiinamia jora. Siku ile nikashindwa. Chungu cha baba kilinijia machoni, lakini ulimi wangu ni ule ule.

"Bwana, wamalizie," nikasema. "Waambie na habari ya kanzu."

"Kanzu gani?"

Nikamwambia. Sanda, shibiri iliyopelea, kanzu ya Idi iliyopasuliwa. Kisha nikatoa shilingi mfukoni, nikaiweka juu ya meza. "Na hii niliipokea. Kama njia ni ile, nioneshe."

Msimamizi aliitazama shilingi, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa makamo, naye amezika wazee wake wote wawili. Aliirudisha shilingi kwangu kwa kidole kimoja, akaenda zake nyuma ya duka, na hadithi ile hakuisimulia tena.

Wiki ile ile akaja mzee mmoja wa shamba, akataka bafta, akataja yadi zile zile. Nikapima, nikatia alama. Nikasikia nyuma yangu msimamizi anageuka, anaanza kuhesabu magunia ya unga aliyokwishayahesabu asubuhi. Aliyahesabu kwa sauti, polepole, mpaka mkasi wangu ulipopita alama, ukaenda shibiri moja, ukasimama.