Shimo la Mrushaji

Siku ya kwanza kazini, kwenye uwanja wa besiboli kule Turffontein, nyapara alinikabidhi reki na shindilio, akanipeleka katikati palipoinuka. Yeye alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa maneno machache.

"Mzee Salehe, hapa njo moyo ya kazi," akaniambia.

Mahali hapo tulipaita kichuguu. Mrushaji husimama juu yake kumrushia mpigaji mpira, na kila akirusha, mguu wa mbele hutua palepale na kuchimba shimo. Mchezo ukiisha, mtunza uwanja hulimwagia maji, hulijaza udongo wa mfinyanzi, kisha hushindilia. Ukilipuuza, mtu atavunjika kifundo cha mguu. Nyinyi vijana mnaona nyasi tu, lakini magoti yangu yameishia pale.

Ndipo akaja Haruo, Mjapani. Kwao alirusha tangu shuleni hadi ligi ya kulipwa, akaenda Amerika, huko bega likapasuliwa na timu ikamwacha. Alifika kwetu ana mvi. Klabu ilikuwa ndogo, ila ilimpa kichuguu.

Mazoezi yake ya kwanza yalipoisha, aliichukua reki mkononi mwangu. Damu ilinichemka. Wanangu kule Rosettenville walisomeshwa na reki ile.

"Bwana, hii kazi yangu," nilimwambia kwa Kiingereza cha kuungaunga.

"Shimo nimechimba mimi," akajibu. "Kwetu, tangu utotoni, tukimaliza kucheza tunafukia wenyewe."

Nyapara alikuja mbio, akimhofia mwenye klabu. "Eish, mzee! Patron akiona muchezaji anafanya kazi yako, atasema tunakula bule. Kesho banatufukuza bote!"

Nilimweleza Haruo hofu yetu. Aliinama sana, akanirudishia reki. Baadaye tukaelewana: yeye ajaze udongo, mimi nishindilie. Aliyepita aliniona mimi ndiye mwenye kazi. Tulifanya hivyo misimu mingi, bila maneno mengi, na nilimpenda.

Jumamosi moja bega lake liligoma. Mpira ulianguka kabla ya kumfikia mpigaji, na Haruo akapelekwa hospitali na sare yake mwilini. Shimo likabaki wazi.

"Fukia, mzee," nyapara akasema. "Ule hatarudia tena."

Sikuwahi kukataa amri yake. Siku hiyo nilikataa, nikalifunika shimo kwa turubai.

"Na patron akiuliza?"

"Mwambie ni Salehe. Kama ni kunifukuza, anifukuze."

Wiki nzima moyo ulikuwa juu. Ijumaa, mechi ikiwa kesho yake, Haruo akaja, mkono umening'inizwa shingoni. Nikafunua turubai. Akapiga magoti, akajaza udongo kwa mkono mmoja huku machozi yakimtoka. Mimi nikashindilia. Alivua kofia, akakiinamia kichuguu, kisha akaniinamia mimi. Nyapara naye alivua yake. Nililia bila kujificha.

Haruo alirudi kwao. Mimi niliendelea mpaka magoti yakakataa. Siku ya kustaafu nilikabidhi funguo, nikautazama uwanja. Ulikuwa umelala sawasawa, hakuna popote palipoonyesha kwamba niliwahi kuwepo. Iliniuma.

Nikapanda kichuguu, nikachimba kwa kisigino shimo dogo, la kwangu. Nikalitazama kidogo.

Kisha nikapiga magoti, nikalifukia.