Nilishindwa Kumwambia Baba Mkwe Apulize

Admin, jina langu lisionekane hata kidogo, nina mume na nina sare. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Ukambani, nimeolewa Chawia, na ni polisi wa trafiki hapa Taita Taveta. Naandika haya nikiona aibu hata mbele ya simu yangu.

Krismasi iliyopita tulikuwa na operesheni ya pamoja, trafiki na polisi wa vituo vyote, vizuizi kutoka Wundanyi mpaka Voi, ili walevi wasiue watu sikukuu. Mimi nilishika alkoblo, ile mashine ya kupima pombe. Unamsogelea dereva dirishani, unamwekea mrija mdomoni, unamwambia puliza. Nilipima wachungaji, nikapima walimu, nikapima mheshimiwa mmoja aliyenitukana mpaka akachoka. Nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba mimi kazini sijui sura ya mtu.

Siku ya pili ya Krismasi, mchana, ikatokea pikapu ninayoijua. Baba mkwe. Alikuwa ametoka kwa jirani kwenye mahari, na huko wazee hawanywi soda, wanakunywa mbangara, pombe yetu ya kienyeji. Harufu ilinifikia kabla ya salamu.

Sasa mnielewe jamani. Kwetu mke wa kijana hamkaribii baba mkwe. Simpi mkono, siketi karibu naye, hata chai namwekea mezani naondoka. Tangu niolewe sijawahi kumtazama machoni. Leo nimtie mrija mdomoni, watu wakiangalia? Mwili uligoma kabisa.

Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa, akasema, "Mama Neema, kama ni kazi, fanya kazi."

Nikarudi nyuma. Nikamwambia, "Pita, baba. Uende polepole."

Ningeweza kumwita mwenzangu ampime, alikuwa pale pale ananiangalia. Hata hilo niliona ni kumvua mzee nguo barabarani.

Hakufika Voi alikokuwa anaelekea. Alimgonga mama muuza nyanya aliyekuwa anavuka na beseni lake. Mama wa watu yuko hai, lakini mguu umekatwa. Nilienda kumwona hospitali nikiwa na sare, akanishukuru eti polisi tunawajali.

Baba mkwe alipoulizwa alipitaje kizuizini akiwa amelewa, akasema hakupita, alizungukia njia za mashambani. Mzee wa kanisa yule, amedanganya ili anifiche mimi. Uongo wake ukamgeukia, sasa wanasema aliwakwepa polisi makusudi na kesi imekuwa nzito zaidi. Nilipompelekea chakula seli, kwa mara ya kwanza nikamtazama machoni. Yeye ndiye aliyegeuza uso. Akaniambia, "Lea mtoto. Haya ni yangu."

Mwenzangu aliyeona ameniambia ninyamaze, nisijiharibie kazi. Nami nimenyamaza. Naamka, napiga pasi sare, naenda kusimamisha madereva wa watu na kuwaambia pombe inaua. Najichukia, na bado naenda.

Kinachonimaliza ni mume wangu. Hajui kitu. Amemkasirikia baba yake, hata kumwona hataki. Juzi tukiwa mezani akaniambia, "Angepita tu kizuizini kwako, ungemshika, na yule mama angekuwa na mguu wake." Nikainuka nikajifanya naenda kuangalia sufuria.

Wiki ijayo mzee anasimama kortini. Nikisema ukweli, kazi imeenda na pengine nami nifungwe, na mume atajua ni nani alimwachilia baba yake. Nikinyamaza, mzee atafungwa na hili la kuwakwepa polisi ambalo hakulifanya, na yule mama ataendelea kuniombea baraka.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini nishaurini pia. Nikasimame kortini niseme ni mimi nilimpitisha, au nimwache mzee aendelee kunisitiri?